Jinsi ya Kuifufua Baiskeli Isiyokufa

Kazi ya kwanza ni kumpata mgonjwa, na kwa Mabogini, nje kidogo ya mji wa Moshi, hapo ndipo mambo yanapogoma. Simama asubuhi kwenye barabara ya kutoka Chekereni kuja Pasua, uangalie. Itapita Phoenix ya Shanghai, zitapita Hero na Avon za Uhindi, mara mojamoja Swala ya kwetu wenyewe, na ukiwa na bahati itapita Raleigh ya Nottingham iliyonunuliwa enzi zile kahawa inalipa. Moja imefunikwa na majani ya ng'ombe hata anayeiendesha haonekani. Nyingine ina lumbesa ya mpunga. Ya tatu ina baba, mtoto wa shule na jembe. Zina umri wa kustaafu na zote ziko kazini. Wewe umekuja kutafuta ya kufufua. Usife moyo: mwenye baiskeli hajui kwamba imekufa, na ni jukumu lako kumfahamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, naiulizia hiyo baiskeli yako."

"Imemgonga nani?"

Kuanzia hapo nenda taratibu. Usije na gari, maana hata ukiliacha kule kwenye mashine ya kukoboa habari zitakutangulia. Usitoe simu kupiga picha. Picha ya kwanza hupandisha bei, ya pili huzaa historia: ghafla baiskeli ilikuwa ya marehemu babu, babu alipewa na padri, na padri mwenyewe alikuwa Mjerumani. Tena usiseme unaitaka kwa sababu ni ya zamani. Mzee atakuonea huruma, atakuuliza kama nyumbani kwenu wote ni wazima.

Kama Mabogini wamekukatalia, ipo njia ya pili: resi za mtumba zinazoshuka na makontena kutoka Ulaya na Japani. Hizi ndizo zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba na vijiti vya gia pale kwenye fremu, karibu na goti. Ndizo ulizoziona kwenye simu, zikiendeshwa na wazee wa Kiitaliano waliovaa fulana za sufu. Wazee wale wana sherehe yao, L'Eroica, iliyoanza mwaka 1997 kule Gaiole in Chianti, na kanuni yake ni kwamba baiskeli ya resi iwe imetengenezwa kabla ya 1987. Mwaka 1987 ndio huohuo ulipokamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ule uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kuifanya Mabogini ijulikane kwa mpunga. Kwa hiyo kwa hesabu za Italia, baiskeli yenye hadhi ni ile iliyoikuta Mabogini haijamaliza kuchimbiwa mifereji ya mradi huo. Kwa umri tu, tungepeleka kikosi. Tatizo ni ruhusa: baiskeli zetu haziwezi kuacha kazi msimu wa mavuno kwenda kutembea Ulaya.

Haya, tuseme umefanikiwa na mzee amekuuzia Raleigh. Sasa unafungua. Fundi wa chini ya mwembe ana nyundo mbili, spana na kopo la mafuta ya taa; wewe njoo na video ya mtandaoni, ili umkosoe.

Utaanza na kotapini, ile pini ya chuma inayoushika mkono wa pedeli kwenye ekseli ya katikati. Video itakuambia ununue mashine maalumu ya kuitoa. Fundi atakaza nyundo moja chini, atagonga na nyingine juu, pini imetoka, na ataurudisha mkono mfukoni kutafuta sigara. Usikubali kushindwa kirahisi hivyo. Hamia kwenye pedeli, ukumbuke ya kushoto inafunguka kinyume na ulivyozoea. Kikombe cha kulia cha ekseli ya katikati nacho ni hivyohivyo kwa baiskeli za Kiingereza, ila za Kiitaliano vikombe vyote viwili vina nyuzi za kawaida. Raleigh wao wakaona hiyo haitoshi, wakajichongea nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi, wakati Waingereza wenzao walitumia 24. Kikombe cha kampuni nyingine kitaingia kidogo, kitakataa, na hapo kijana mwenye bomba refu la kuongezea spana atasema, "Kaka, hii inataka nguvu tu." Ukimruhusu, umeshapata kitu cha kuning'iniza ukutani.

Ndani ya habu utakuta grisi iliyogeuka udongo wa Mabogini, mweusi, unaonata, wenye vipande vya makapi ya mpunga. Ioshe yote kwa mafuta ya taa. Goroli za nyuma kwa kawaida ni 9 za robo inchi kila upande, za mbele ni 10 ndogo zaidi, na kanuni ni kubadilisha zote kwa pamoja. Tandika gunia chini kabla hujafungua, maana goroli moja lazima ikimbilie mchangani. Watoto waliosimama kukutazama wameshaiona ilipoangukia. Hawatakuambia.

Tukija kwenye tairi, hapa naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapoteketea. Kama uliishia kwenye ile njia ya pili, resi nyingi za zamani zina ringi ya inchi 27, ambayo mahali tairi inapokalia ina kipenyo cha milimita 630. Resi za siku hizi ni 622. Phoenix na ndugu zake wa inchi 28 ni 635. Zunguka Moshi nzima, anzia maduka ya jirani na soko la Mbuyuni, tairi utakayoipata bila jasho ni ya Phoenix, maana ndiyo yenye wateja. Muuzaji ataishika, ataitazama ringi yako kwa jicho moja, atasema, "Inaingia hiyo." Na kweli inaingia, tena bila hata kutumia vijiko, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Imezidi milimita 5. Ukiijaza upepo itatulia kwa heshima mpaka ufike katikati ya watu, kisha itachungulia pembeni, na tyubu itafuata na mlio ambao askari wa karibu atataka kuujua zaidi. Agiza ya 630 kutoka nje. Itakugharimu nauli, ushuru na subira, na itakapofika utakuwa umeshazoea kutembea kwa miguu.

Rangi. Ulaya wapo wanaolipa zaidi ili iliyobabuka ibaki imebabuka. Sisi tunapenda ing'ae, na sioni aibu kwa hilo. Lakini kama ni ile ya mzee, kabla hujaipeleka kwa mpiga rangi wa magari, bandua kwanza ule ukanda wa mpira wa tyubu ambao mzee aliuzungushia fremu yote, mzunguko juu ya mzunguko, ukafungwa mwishoni kwa waya. Uukate kwa kisu taratibu. Chini yake utakuta rangi nyeusi ya kiwandani na mistari ya dhahabu, mizima, haijaguswa na jua tangu mzee aliponyoa ndevu za kwanza. Yule uliyekuja kumfundisha kutunza vitu vya kale aliwahi hiyo kazi kabla hujazaliwa, kwa tyubu mbovu na waya. Sasa fanya kama wafanyavyo wote: furahi, piga picha, halafu ipige msasa uipake rangi ya maziwa.

Siti ikiwa ni ya ngozi ya Brooks, Waingereza waliokuwepo tangu 1866, shukuru. Fahamu tu kwamba ngozi ile hujifinyanga kufuata makalio ya mwenyewe. Ukiinunua kuukuu unanunua makalio ya mtu mwingine, na yatakusumbua mpaka mmoja wenu ajirekebishe.

Halafu kuna suala la nakshi, yaani kuifanya baiskeli iwe yako peke yako. Mabogini wana shule yao: unaongeza. Keria ya kiwandani inang'olewa, inachomelewa ya nondo inayobeba mtu mzima na mbuzi wake. Inawekwa stendi ya miguu miwili, fito za kuegemeza madumu, kipande cha mpira chini ya madigadi chenye maandishi ya kumjibu jirani. Shule yako wewe, uliyosomea mtandaoni, ni ya kupunguza. Toa keria. Toa madigadi, ili tope la majaruba lipate njia ya moja kwa moja mpaka mgongoni. Toa stendi, uwe unailaza chini kama mlevi. Toa kengele, upige kelele kwa mdomo. Ukimaliza itakuwa nyepesi mno, na haitabeba chochote isipokuwa wewe, nawe huendi popote.

Ila lazima ijaribiwe, na Kilimanjaro iko pale. Resi ya zamani ina meno 52 na 42 mbele, na nyuma kubwa kabisa huwa na 24 hivi, gia zilizopangwa kwa ajili ya vijana wa mashindano, wala si kwa mtu aliyekula kitochi cha ndizi mchana. Moshi mjini ni mita 800 na zaidi juu ya bahari. Geti la Marangu linakaribia 1,900. Fika Himo, pinda kushoto, ukutane na Muumba wako. Usiseme haiwezekani: mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, binamu Nicholas na Richard Crane, waliziendea na baiskeli barafu za Kibo mpaka kileleni, ingawa sehemu nyingi baiskeli ndizo zilizowapanda wao mabegani.

Kushuka ni somo lingine. Ringi za chuma zikilowa, breki zinabaki kuwa maombi. Watazame vijana wanaoshusha ndizi kutoka migombani: wana breki ya mbele, ya nyuma, na ya tatu ni soli ya kandambili kwenye tairi. Wewe umevaa viatu vya kufunga kwenye pedeli. Chagua mgomba mapema.

Ikitokea umechoka nayo ukataka kuiuza, ipige picha Shanty Town, kwa wenye nazo wa Moshi, chini ya miti, jioni, ikiwa imeegemea ukuta, na weka bei unayotaka, wapo watakaoilipa. Mabogini usiihangaishe. Mnunuzi wa kule ataizunguka mara moja, ataigusa pale nyuma palipo wazi, atauliza keria umeiuzia wapi, kisha atakuombea safari njema.