Mgeni Asiyekataa Mwaliko

Berlin ina watu zaidi ya milioni tatu na nusu, na inaelekea kila mmoja ana shajara. Ukikutana na mtu njiani hakwambii "siku moja upite nyumbani." Anatoa simu, anapekua tarehe, kisha anakupa siku iliyo wiki tatu mbele, saa moja na nusu usiku. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tanga, aliyekuwa huko kwa mafunzo ya miezi michache, aliikubali kila tarehe aliyotajiwa. Hakuwa na ndugu mjini, wala msiba wa kuhudhuria, wala kikao cha harusi. Angekataa kwa kisingizio gani? Ikawa mialiko yote imeangukia wikiendi moja, ile ya mwisho wa Oktoba, na hakuna aliyemdokeza kwamba wikiendi hiyo ina saa moja ya ziada.

Ijumaa ilikuwa ya michezo ya mezani, ambayo Wajerumani wanaipenda kama wazee wa pwani wanavyopenda bao. Uliochezwa ni Catan, mchezo uliobuniwa na Klaus Teuber na kutolewa mwaka 1995. Kisanduku chake cha kawaida ni cha watu watatu au wanne. Mwenyeji alikuwa na mkewe, rafiki yao mmoja, na kiti kimoja cha mwalimu. Mwalimu akaja na wenzake wawili wa hosteli, Mkenya na Mnyarwanda, kwa kuwa alikuwa nao jioni hiyo na kuwaacha njiani ingekuwa aibu. Isitoshe, alibisha hodi nusu saa baada ya muda, kwa adabu ya kwao ya kutomkuta mwenye nyumba bado ana mwiko mkononi.

Mlango ulipofunguliwa, mwenyeji aliwahesabu kwa macho, akatabasamu, akahesabu tena. Vipande vya samaki vilikuwa vinne. Vikakatwa. Mkenya akaletewa kigoda cha bafuni.

Mchezo wenyewe ni wa kubadilishana kondoo, ngano, mbao, matofali na mawe ya madini, na hapo mwalimu akafufuka. Wenyeji walikuwa wakitaja bei mara moja tu: kondoo kwa tofali, unataka au hutaki. Yeye aliapa, akasonya, akainuka kama anayeondoka ili aitwe arudi, akamsifia kondoo wake wa karatasi afya na ukoo. Kabla ya saa sita usiku mwenye nyumba, mhandisi mtu mzima, alikuwa akitoa kondoo watatu kwa tofali moja na kushukuru.

Jumamosi asubuhi alikuwa na wageni, Watanzania wawili waliokuwa wakipita kwenda Hamburg, waliotaka kumwona "yule wa Lindi." Yule wa Lindi ni dinosaria Giraffatitan, aliyesimama katika ukumbi wa Makumbusho ya Viumbe wa Asili kwa urefu wa mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mwalimu hakuwa na sababu ya kunong'ona mbele ya mali ya nyumbani. Akaeleza kwa sauti ya darasani, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, jinsi mamia ya vibarua wa huko walivyochimba na jinsi wapagazi walivyobeba mizigo ya mifupa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Alipogeuka, nyuma yake palikuwa na kundi la watalii wanaotikisa vichwa. Walimfuata hadi ukumbi wa pili. Bibi mmoja akamwuliza choo kiko wapi, na aliporudi akamtilia euro mbili mkononi.

Euro hizo hazikukaa. Vituo vya treni za chini ya ardhi Berlin havina geti: unanunua tiketi, unaigonga mwenyewe kwenye kimashine kilichopo jukwaani, unapanda. Wakaguzi wanavaa kiraia na wanajitokeza milango ikishafungwa. Mwalimu alitoa tiketi yake, safi, haina hata alama, na usafi huo ndio uliokuwa kosa. Faini ni euro 60, na kusema kwamba tiketi umeilipia hakupunguzi hata senti. Wale wageni wa Hamburg walijitolea kumtetea kwa Kiswahili, jambo lililoongeza kelele tu.

Usiku kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Alifika saa mbili kamili (faini humfunza mtu), akaikumbatia familia, akatamka kwa Kijerumani alichokifanyia mazoezi njia nzima: heri ya siku ya kuzaliwa! Sebule ikanyamaza. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wamekusanyika kuisubiri saa sita usiku, na kwa Wajerumani wengi kumtakia mtu heri kabla ya siku yake ni nuksi. Mwenye sherehe alicheka na kumsamehe, lakini shangazi yake hakumsogelea tena hadi saa sita ilipogonga. Hata keki alikuwa ameioka mwenye sherehe mwenyewe, maana huko anayezaliwa ndiye anayewalisha wenzake.

Basi Jumapili mwalimu aliamua kutofanya kosa lolote. Alialikwa kifungua kinywa saa nne asubuhi, na alitaka kuchukua maua. Maduka yalikuwa yamefungwa. Mapumziko ya Jumapili huko yamo katika katiba: kifungu cha 139 cha Katiba ya Weimar ya 1919, kilichoingizwa kama kilivyo katika Sheria ya Msingi ya 1949. Ikabidi aende stesheni kuu, ambako baadhi ya maduka hufunguliwa, akabonyeza kengele ya mwenyeji saa nne kamili kwa saa yake. Akafungua mtu mwenye nguo za kulalia na mswaki mdomoni. Usiku ule saa tisa ilikuwa imerudishwa kuwa saa nane, kwa kuwa saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Simu ya mwalimu ingelijua hilo, ila ilikuwa imeishiwa chaji. Saa yake ya mkononi ilikuwa bado ya jana. Siku aliyojitahidi kuwa Mjerumani ndiyo siku aliyomtangulia Mjerumani kwa saa nzima.

Jioni ilikuwa na pilau kwa mama mmoja wa Kizanzibari, katika eneo la Wedding, kwenye mitaa iitwayo ya Kiafrika. Mwalimu alikuwa amemwalika yule mhandisi wa Ijumaa, naye akafika kwa dakika aliyoambiwa, peke yake, akakuta nyama haijaiva na wageni hawajafika.

"Karibu mwanangu, umekuja wakati mzuri," mama akamwambia, akamkabidhi bakuli la vitunguu saumu amenye.

Mitaa hiyo ina Sansibarstraße, na Tangastraße pia, ambako mwalimu alisimama kupiga picha ya kibao. Mkazi mmoja akamwuliza kama amepotea. "Hapana," akajibu, "natoka Tanga." Jirani iko iliyokuwa Petersallee, iliyopewa jina la mkoloni Mjerumani Carl Peters mwaka 1939; tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee. Anayetaka kuiona apande U6 hadi Afrikanische Straße, na tiketi aigonge.