Reli ya Sentimita Mia

Pemba haina reli hata inchi moja. Unguja angalau waliwahi kuwa na treni yao ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905. Sisi wa Chake Chake treni tumeijua kwa televisheni. Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu kwamba najenga stesheni juu ya rafu ya jikoni, aliuliza moja tu: "Na sahani zangu?"

Sahani zikahama. Rafu yenyewe ni ubao wa sentimita 100 kwa 20, treni haina pa kuzungukia. Nikachagua mchezo wa Mwingereza mmoja, Alan Wright, uitwao Inglenook, ambao treni yake haisafiri. Kazi yake ni kupanga mabehewa. Njia za kuegesha ni tatu: moja ya mabehewa 5, mbili za matatu matatu. Mbele yake kuna kipande cha kuvutia, kinachoenea kichwa cha treni na mabehewa 3. Mabehewa ni 8. Unaokota vikaratasi vitano vya namba, kisha unapanga matano kwa zamu iliyotoka. Zamu zinazoweza kutoka ni 6,720. Asiyeelewa utamu wake amtazame utingo anayedaiwa gunia la karafuu lililo chini kabisa, na mwenye gunia anashuka kituo cha kwanza.

Nikapiga hesabu nyuma ya kalenda. Behewa moja sentimita 8, matano ni 40. Pale njia zinapogawanyika, mara mbili, 34. Mabehewa matatu ya kipande cha kuvutia, 24. Jumla 98. Zimebaki mbili! Usiku huo nililala kama mhandisi.

Siku ya uzinduzi alikuwepo mama mkwe.

"Mwanangu, treni hii yaenda wapi?"

"Haiendi popote, mama."

"Kama ile gari yako."

Nikawasha. Kichwa kikayavuta mabehewa matatu taratibu, lakini la mwisho likawa bado limekaa penye njia panda. Kidogo tu tena, nikasema. Nikaongeza moto. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kichwa nacho kina urefu: sentimita 11, ambazo kwenye kalenda hazikuwamo. Kiliukuta mwisho wa ubao, kikainamia mbele kama mtu anayechungulia kisima, kikatumbukia katika sufuria ya pweza wa nazi.

Mama mkwe alikitoa kwa upawa. "Kimeiva," akasema.

Kilikaushwa siku tatu juani, na hadi leo kikipata joto kinanukia nazi. Umeme wetu huja chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na Tanga ndiko Wajerumani walikoanza kujenga reli mwaka 1893, kwa hiyo najipa moyo kwamba nguvu za treni yangu zina asili. Ukikatika, nasukuma kwa kidole.

Urefu uliopungua nimeuziba kwa kibao cha kukatia vitunguu, kimegandishiwa reli za sentimita 15 na kuegemezwa juu ya mtungi wa gesi. Mke wangu aliridhia kwa sharti kwamba kibao ni chake kwanza. Leo tangu saa tisa stesheni imefungwa. Tuna wageni, na pilau yake hula vitunguu kilo mbili.