Mkurugenzi Yuko Steji

Novemba 2021 Kenya Airways na South African Airways walitiliana saini ya posa: wakioana, wazae shirika moja la Afrika nzima. Arusi hatujaiona, lakini sisi wa Umoja na Kayole, Nairobi, tushachagua mkurugenzi mkuu. Mwaka 2017 Kenya Airways ilimleta Sebastian Mikosz kutoka Poland aiongoze. 2020 ikiingia, keshafunga virago. Safari hii njooni steji ya Donholm. Makanga huyu hapa: matatu ya watu 14 imejaa, yeye bado anaita, "Bado mmoja twende!" Mvua ikidondoka, nauli imeshapanda. Jioni, hesabu ya mwenye gari iko mkononi. Mlango wa Hazina ya Taifa hajawahi kuubisha kuomba msaada. Ana kasoro moja tu: hajasomea hasara.