Mama Timu na Sheria ya 18

Kandanda ina sheria 17. Nimezisoma zote, maana kijitabu chake nakitunza mimi, pamoja na pampu, leseni za wachezaji, chupa ya spiriti na muhuri wa timu ambao bado unasema Mkoa wa Rukwa, ingawa Katavi ilianzishwa mwaka 2012. Sheria ya 1 inataka mistari ya uwanja isizidi upana wa sentimita 12. Ya 4 inamtaka kila mchezaji avae kinga za ugoko. Za kwetu tunazikata kwenye maboksi ya sabuni. Hakuna hata moja inayosema jezi zilizochafuka Jumapili zitatakataje kabla ya Jumamosi. Vijana wetu hapa Mpanda wanaamini zinajifua.

Cheo changu hakimo kwenye katiba ya timu. Wananiita Mama Timu, na nililipokea jina hilo kwa fahari kabla sijajua kwamba kazi yenyewe ni maji: ya kunywa, ya kufulia, ya kummwagia aliyeanguka. Kiangazi kikikolea na mabomba ya mtaani yakianza kutoa hewa tupu, inabidi ndoo moja niigawe kati ya jezi na golikipa. Mara nyingi jezi hushinda. Golikipa ana mama yake.

Jezi zenyewe ni nyeupe. Alitununulia mgombea mmoja wa udiwani wakati wa kampeni, na mtu anayenunua jezi nyeupe kwa uwanja wa vumbi kama wetu ni mtu ambaye hajawahi kushika kipande cha sabuni. (Hakushinda. Wapiga kura siwalaumu.) Namba 13 haijavaliwa tangu siku ya kukabidhiwa. Kila mchezaji ana sababu yake, na sababu zote zinatoka kwa bibi yake. Hata hivyo naifua kila wiki pamoja na wenzake, kwa sababu siku nikiiacha halafu tukafungwa, kikao kitataka maelezo.

Mpwa wangu aliyeko Nairobi aliwahi kunionyesha kwenye simu Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu. Ndiyo, barafu. Mchezo wameujifunzia ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby mwenyewe. Mpwa anashangaa Mwafrika kuteleza kwenye barafu. Mimi nahesabu nguo. Kofia ngumu, glavu, mapedi ya mabega, ya viwiko, ya magoti, soksi ndefu. Mchezaji mmoja anajaza kamba nzima ya kuanikia. Nikauliza, "Nani anafua?" Mpwa akasema hilo halikuonyeshwa.

Barafu hata sisi tunayo, ila ya kwetu ni ya ukwaju, ya vifuko, naichukua kwa jirani anayeuza. Ndiyo huduma yetu ya kwanza. Aliyeteguka anatakiwa aiweke juu ya uvimbe kwa muda wa kutosha. Beki wetu wa kushoto huiweka akiwa bado ananitazama. Nikigeuka tu, ameitoboa kwa jino anainyonya. Anarudi uwanjani kifundo kimevimba vilevile, lakini uso umechangamka. Habari zikaenea. Mechi iliyofuata majeruhi waliongezeka, na mmoja aliuliza kama ipo ya ubuyu.

Ila siku ya Sitalike ndiyo ninayoiota. Sitalike iko kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na Mto Katuma unapita hapo hapo. Kiangazi mto hunywea, viboko wakabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, mgongo kwa mgongo, wakigombana mchana kutwa. Uwanja tuliopangiwa ulikuwa karibu na mto kuliko nilivyopenda. Kipindi cha pili beki wetu, yule yule wa ukwaju, akabutua mpira, ukadunda, ukateremka, ukaingia majini. Timu zote mbili zikakimbia hadi ukingoni, zikasimama. Kisha, polepole, vichwa vyote vikanigeukia.

"Mama, shikamoo," akasema kapteni. Tulikuwa tumeamkiana tangu asubuhi. "Si vifaa viko chini yako?"

Refa, mtu wa haki, akasimamisha saa. Mshika kibendera akanipa kibendera chake, eti nivutie mpira. Aliyeniokoa ni kijana wa pale pale, akasema wao mpira ukiingia humo hawaufuati. Wanahesabu umehamia hifadhini, na kutoa kitu hifadhini kunahitaji kibali.

Tukamalizia na mpira wa akiba. Sheria ya 2 inataka mpira uwe na gramu 410 hadi 450. Nadhani wetu ulizifikisha, ila zote zilikuwa upande mmoja. Kikaoni nikaagizwa niandike taarifa ya upotevu, nikaandika: "Mpira mmoja, uko Katuma, hali nzuri."

Mwisho wa msimu tuliingia mashindano ya kugombea ng'ombe, tukashika nafasi ya pili, tukapewa mbuzi. Mbuzi akalala kwangu, kwa kuwa naye alihesabiwa kifaa. Utumbo nikaosha mimi, kuni zangu, sufuria langu. Ikafika zamu ya kugawa nyama, na mhazini, kwa kuogopa ugomvi, akatangaza kwamba itagawiwa kwa namba za jezi. Akaanza kuita. Moja, golikipa. Mbili. Tatu, beki wetu wa kushoto, aliyekuja bila kuchechemea hata kidogo. Alipofika 11 nikaweka mwiko chini, nikaingia ndani.

"Kumi na tatu," akasema, akitaka kuiruka.

Nikatoka nimeivaa juu ya gauni, sahani mkononi.

"Mama, hiyo ina mkosi," akasema golikipa.

Nikamwambia mhazini aongeze na mchuzi.