Risala ya Kumshukuru Mheshimiwa Uvivu

Itifaki ikiwa imezingatiwa, na wazee wakiwa wameshapewa viti vya mbele, umefika wakati wa kumshukuru mhisani ambaye hajawahi kukaribishwa jukwaani katika mkutano wowote wa Meru. Wenzake wote wameshasifiwa. Mbunge alisifiwa kwa barabara, kasisi kwa paa la kanisa, na mwenyekiti wa ushirika kwa bei ya maziwa, hata mwaka ambao bei hiyo ilikuwa ya kuwaliza watu. Uvivu peke yake ndiye aliyeingia katika kila nyumba bila kuomba kura, akavuta kiti, akakaa, na hadi leo hajasomewa risala.

Pa kumsomea ni Ruiri. Soko hili limo katika wadi ya Ruiri/Rwarera, eneobunge la Buuri, pale miteremko ya Mlima Kenya inapoishia na nyanda kavu za Isiolo kuanza. Watu wake hawasifiki kwa uvivu hata kidogo. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mwenye kuchelewa kupanda hula kwa macho. Ng'ombe hangoji mtu amalize usingizi. Kwa hivyo Mheshimiwa alizunguka sana akitafuta mahali pa kufikia, na shambani hakupewa hata kigoda. Alipopata mlango, ulikuwa wa muziki.

Mlango huo ulifunguka wazi kabisa Januari 2020, gredi ya nne ilipoanza kusomeshwa kwa Mtaala wa Umilisi na rekoda ikaingia katika mahitaji ya mwanafunzi. Rekoda ni ile filimbi ya plastiki yenye matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Ni nyepesi, haili nyasi, haihitaji stima, na ina uwezo wa kutoa mlio wa kumtoa kuku kwenye mayai.

Wiki za kwanza huwa za furaha tupu. Mtoto hufundishwa noti tatu, B, A na G, zote za mkono wa kushoto: gumba nyuma, kisha kidole kimoja mbele, viwili, vitatu. Kwa noti hizo huweza kupiga kijiwimbo kizima, na hukipiga kabla ya chai, baada ya chai na njiani akienda dukani. Nyanya yake humwita akamuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hiyo kitu hailali?" Hailali. Kisha mwalimu huongeza mkono wa kulia. Vidole vifupi havifiki, tundu moja hubaki na mwanya mwembamba kama unywele, na sauti inayotoka si noti wala si kilio. Siku ya kwanza mtoto hujaribu tena. Siku ya nne rekoda iko chini ya kitanda.

Hapo ndipo Mheshimiwa hubisha hodi, na hapo ndipo fadhila zake huanza kuhesabika.

Fadhila ya kwanza ni amani. Kuku hurudi kwenye mayai na nyanya hurudi kwenye usingizi wa alasiri. Hakuna chifu wala mzee wa mtaa anayeweza kutuliza boma kwa haraka hiyo, tena bila faini.

Fadhila ya pili ni usafi wa nyumba. Mtoto ambaye hajawahi kugusa sahani bila kuitwa mara tano, ikifika saa ya rekoda huosha vyombo vyote, hufagia uwanja, huchonga penseli na kuulizia kama mbuzi wamekunywa maji. Watu wazima nao huneemeka. Kijana aliyenunua gita kwa nia ya kuwa stadi kabla ya Krismasi hukumbuka, pale tu anapolishika, kwamba pikipiki ina matope. Mama wa kwaya aliyeazimia kujifunza kinanda huona ghafla kwamba maharagwe hayajachaguliwa. Kwa hesabu hiyo, kazi nyingi za mikono hapa Ruiri hukamilika kwa sababu ya muziki usiopigwa.

Fadhila ya tatu ni ubunifu. Vinanda vya umeme vilivyoenea makanisani vina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo. Kwa kitufe hicho, mpiga kinanda aliyejifunza ufunguo wa C peke yake hucheza kila wimbo kwenye vitufe vyeupe, naye mwimbishaji akianza juu au chini, mashine hubeba mzigo. Vitufe vyeusi hukaa miaka bila kuguswa, isipokuwa labda siku ya kupanguswa vumbi. Kwenye gita kazi hiyo hufanywa na kapo, kibanio cha shingoni. Ni kweli kwamba ibada imeendelea bila kusita. Ni kweli pia kwamba siku stima inapopotea na kanisa kubaki na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, mpigaji huyo huyo huomba ruhusa ya kwenda nje kujibu simu.

Mawakili wa Mheshimiwa hupenda sana kumleta Jean-Bosco Mwenda kuwa shahidi wao. Mwanamuziki huyo wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, na wimbo wake "Masanga" ukaenea kote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni, na wapiga gita wa Kenya wakamsikiliza kwa makini. Mkono wake wa kulia ulitumia gumba na kidole cha shahada tu. Vidole viwili! Mawakili husema huo ni ushahidi tosha wa kupunguza kazi. Lakini shahidi huyu akihojiwa huwageuka: gumba lake lilishika besi bila kuyumba huku shahada ikitembea na wimbo wake yenyewe, na jambo hilo, kwa vidole viwili au kumi, haliji kwa mtu anayeosha pikipiki.

Fadhila ya nne ni elimu. Uvivu si mjinga, na akibanwa hutaja utafiti. Atasema kwamba mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wa wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin, na ikaonekana kwamba waliokuwa hodari zaidi walilala zaidi, pamoja na kujilaza mchana. Atasema pia kwamba mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake wa Harvard waliwapa watu mfululizo wa tarakimu wa kubonyeza kwa vidole vya mkono wa kushoto, na baada ya usiku mmoja wa usingizi kasi yao ikapanda kwa takriban asilimia 20 bila zoezi la ziada. Yote mawili ni kweli. Ila Mheshimiwa, kwa shughuli zake nyingi, husoma nusu ya ripoti tu. Wapiga fidla wale waliolala sana ndio hao hao waliofanya mazoezi mengi, na watu wa Walker walibonyeza kwanza, wakalala baadaye. Usingizi hupanga kilicholetwa, na aliyelala bila kuleta kitu huamka na mikono mitupu.

Hadi hapa wasikilizaji wamecheka, na wengine wameanza kuangalia saa. Iko fadhila ya tano, na hii Mheshimiwa anaistahili bila mzaha. Yeye ni mjumbe. Huja pale mazoezi yanapokuwa yameharibika, na mara nyingi huja kabla ya mwalimu kujua.

Tuseme mtoto amekwama kwenye F ya chini. Mwalimu ana chati ukutani, mtoto anaifuata, na sauti inatoka vibaya. Mzazi husema ni uvivu. Lakini rekoda zinazouzwa madukani ni za aina mbili. Ya kwanza huitwa Baroque. Ya pili ni ya Kijerumani, iliyobuniwa na Peter Harlan miaka ya 1920 ili F ipatikane kwa kufunika vidole mfululizo, ingawa noti ya nusu hatua juu yake hutoka ovyo. Katika Baroque, F hudai uma: tundu la tano la mbele huachwa wazi, la sita na la saba yakafunikwa. Chati ya Kijerumani ikifuatwa kwenye rekoda ya Baroque, F hutoka juu mno, hata mtoto akipuliza kwa uaminifu hadi Krismasi. Kuzitofautisha ni kazi ya sekunde moja: hesabu matundu ya mbele kutoka juu, na likiwa la tano ni dogo kuliko la nne, hiyo ni ya Kijerumani. Mtoto aliyeitupa chini ya kitanda alikuwa ametoa uamuzi wa haki kuhusu chati. Hakuwa na maneno ya kuuandika tu.

Wakati mwingine ujumbe ni mdogo zaidi. Rekoda ya plastiki ikiwa baridi asubuhi, pumzi hugeuka maji kwenye mfereji wa mdomoni na sauti huziba. Mpigaji hudhani kipaji kimemhama usiku. Dawa yake ni kuiweka kwapani dakika chache kabla ya kuanza, na ikiziba, kufunika dirisha la juu kwa kidole na kupuliza kwa nguvu mara moja.

Na wakati mwingine hakuna kilichoharibika kabisa. Mwaka 1897 na 1899, William Lowe Bryan na Noble Harter wa Indiana walichapisha uchunguzi wa watu waliokuwa wakijifunza kupokea simu za maandishi kwa mlio wa Morse. Kasi ya wanafunzi ilipanda, kisha ikalala tambarare kwa majuma mengi ingawa bidii ilikuwa ile ile, kisha ikapanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba katika kipindi hicho cha tambarare mwanafunzi alikuwa akiacha kusikia herufi moja moja na kuanza kusikia maneno mazima. Mpiga ala naye hupita hapo, akitoka kwenye noti moja moja kwenda kwenye vifungu. Kwa nje haonekani kusogea, na Mheshimiwa, ambaye huchagua nyumba zake vizuri, hupenda sana kufikia kwa watu wa tambarare.

Cha kufanya mjumbe akishafika, wanafunzi wa piano wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin wamekwisha kukionyesha. Robert Duke na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwapa wapiga piano 17 kifungu kifupi cha Shostakovich wakifanyie mazoezi, wakawapima kesho yake. Wingi wa dakika walizotumia haukueleza nani angepiga vizuri. Waliopiga vizuri zaidi walikosea kama wenzao, lakini walisimama palepale pa kosa, wakapunguza mwendo, wakarudia kipande hicho kidogo hadi kikanyooka, ndipo wakaendelea. Habari hii ingemfurahisha Mheshimiwa kama angeisikiliza hadi mwisho, maana inaruhusu mazoezi mafupi. Kinachomkera ni kwamba inataka mtu apige pale panapouma badala ya kurudia B, A na G anazozijua.

Kiongozi yeyote ana anaowaogopa, na Mheshimiwa anaogopa kundi. Wachuka, jirani wa kusini ambao zamani walikuwa chini ya Wilaya ya Meru na leo wako Tharaka-Nithi, hupiga ngoma ndefu zilizobanwa kati ya mapaja, wote pamoja, huku miili ikicheza. Mmoja akilegea, jirani yake humsikia papo hapo, na Uvivu hana pa kukaa kati yao. Zanzibar, klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa imedumu tangu mwaka 1905, na klabu haiwezi kudumu muda huo kwa mazoezi ya mtu mmoja mmoja chumbani. Hapa Ruiri, mwanakwaya aliyeshindwa kugusa kinanda wiki nzima hufika mazoezi ya Jumamosi bila kusukumwa, kwa sababu wenzake wa sauti ya tatu watauliza yuko wapi.

Mkutano mwingine anaoukwepa ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Shule hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na mwamuzi huandika maoni yake kwenye karatasi. Tarehe ikishabandikwa kwenye ubao wa matangazo ya shule, Mheshimiwa hukumbuka kwamba ana safari ya Isiolo. Hurudi tamasha likiisha, mapema sana, na hukuta kiti chake hakijapoa.

Kwa hivyo risala hii inaomba apewe shukrani za mjumbe, na asipewe za mwenyeji. Mzazi wa Ruiri atakayesikia kimya saa ya rekoda asichukue fimbo, na asishangilie pia, ingawa kushangilia kunaeleweka. Aiangalie rekoda, tundu la nne na la tano. Amuulize mtoto ni noti ipi inayomshinda, amwache apige hiyo tu, polepole, kwa dakika kumi, na akae hapo hapo amsikilize. Na kama kuna rekoda ya pili nyumbani, mzazi aishike apige naye.