Mwenye Kina cha -zi Ajitokeze

Waandaaji wa warsha ya ushairi wametaka kila mshiriki aje na shairi moja la tarbia, beti 3 tu. Hiyo "tu" ndiyo inayoniua. Tarbia ni mishororo 4 kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, 8 ukwapi na 8 utao. Jumla mizani 192, na vina juu yake.

Mizani huhesabiwa kwa vidole. Nyumbani haina neno, ila mimi mawazo hunijia ndani ya daladala. Juzi nimesimama mlangoni nakunja vidole, midomo inacheza, mara konda akaning'aka: "Mzee, chenji si nimekupa? Unahesabu nini tena?" Ningemwambiaje kwamba mshororo umezidi mizani moja? Mama aliyekaa jirani akavuta mkoba wake akaukumbatia.

Balaa lenyewe liko kwenye vina. Shairi langu ni la mapenzi, kina cha kati -zi, na "mapenzi" nilishayatumia ubeti wa kwanza. Nikaenda jikoni kuomba msaada. Mke wangu amekalia mbuzi, anakuna, wala hakuinua uso.

"Mbuzi. Nazi. Mchuzi. Ndizi. Bizari."

"Bizari haina -zi mwishoni."

"Najua. Imekwisha."

Mwanangu wa darasa la tano naye akaja mbio na mchango wake: "Makohozi!" Amefurahi, hajawahi kuipenda fasihi kiasi hicho.

Nikakitafuta kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*. Kumbe kimewekwa chini ya mguu wa meza ya televisheni. Nilipokichomoa, meza ikayumba, na watoto wakapiga kelele nirudishe sheria mahali pake.

Nikafikiria kukimbilia kwa Kezilahabi, ambaye *Kichomi* chake cha 1974 kilitupa vina na mizani kikawasha ugomvi mkubwa miongoni mwa washairi wetu. Lakini shairi huru si kichaka cha wavivu: ukivua vina, hubaki na kitu ila wazo, na wazo langu mimi nalijua lilivyo.

Warsha ni Jumamosi. Ubeti wa tatu umekwama mshororo wa pili. Msomaji, kama unalo neno la -zi lisilouzwa sokoni wala kutoka kifuani, nakuomba uniletee kabla ya Ijumaa jioni. Bizari nimeshanunua.