Bwana Harusi Juu ya Mwani

Picha imeshafika kwa wakwe. Ninaandika haya huku simu ikitetemeka mezani, na kila ikitetemeka najua shangazi mwingine wa upande wa mke ameiona na kuweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Katika picha hiyo nimelala chali ndani ya kidau, nimefunikwa mwani hadi kiunoni, kama jodari anayepelekwa mnadani. Kidau kinavutwa na kina mama wawili waliojitanda kanga. Nyuma yake mke wangu wa ndoa anaogelea, mkono mmoja unasukuma tezi. Anacheka. Aliyepiga ni mtalii, na aliyeiomba kwa mtalii ni mke wangu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya fungate yetu, Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Asubuhi hoteli ilitutoa chumbani, ikatukata zile bangili za plastiki za mkononi, ikayaweka masanduku nyuma ya kaunta. Boti ya kurudi Dar ilikuwa ya saa kumi alasiri. Hapo katikati mtu afanye nini? Bahari nayo ilikuwa imekwenda zake. Pale tulipozoea kuona maji ya buluu palibaki mchanga, vidimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yakipasuka kwenye mwamba. Mke wangu akasema twende tukapige picha kule. Nikamuuliza kijana wa mapokezi kama ni salama. Bila kuinua macho akanijibu "hakuna matata, bosi", maneno yaleyale wanayouziwa watalii kwenye fulana.

Tukaenda. Tulipita katikati ya mashamba ya mwani: vigingi vimesimama kwa safu, kamba zimekazwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba vitawi vimefungwa kimoja kimoja kwa uzi. Kina mama waliinama wakivuna, sisi tukawaamkia, tukaendelea mpaka tukafika fungu zuri la mchanga karibu na mwamba. Pale tukapiga picha za kila namna, mpaka za kurushiana vitambaa.

Sasa nieleze jambo ambalo tangu nirudi nimelisoma hadi usiku wa manane, kwa sababu linastaajabisha na kwa sababu natafuta wa kumshitaki. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa kuwa inaufuata mwezi, na mwezi haujali saa za hoteli. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Hiyo ndiyo bamvua, na huku Unguja maji yanaweza kupanda na kushuka mita 4 hivi. Wiki inayofuata, jua na mwezi wakipishana, huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na mtu wa Dodoma kama mimi anaweza kuishi kwa amani. Sisi tulikwenda wakati wa bamvua. Mwezi mpevu tuliokuwa tukiusifia ufukweni usiku, mkono kwa mkono, kumbe ulikuwa ukitupangia.

Tena maji hayaingii kwa mwendo mmoja. Wanamaji wana hesabu yao: gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 4, saa ya kwanza ni sentimita 33 tu. Miguu inalowa, unafurahi, unapiga picha nyingine. Saa ya tatu peke yake ni mita nzima! Halafu mchanga wa Paje si tambarare kama unavyodhani ukiwa kitandani. Kuna mifereji, na maji hupenya kwenye milango ya mwamba, hufuata mifereji hiyo, huzunguka, hujaa nyuma yako kwanza. Ukiwa umesimama juu ya fungu unaona pakavu pande zote za miguu yako. Ukigeuka, kati yako na Unguja kuna bahari.

Tuligeuka saa sita na kitu. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Aliifunga simu kwenye mfuko wa plastiki, akaung'ata, akaanza kuogelea. Mimi nilitembea mpaka maji yakafika kidevuni, nikasimama hapo nikisoma dua.

"Panda, mwanangu," mama mmoja akaniambia, akinisogezea kidau chenye shehena ya mwani.

Nikapanda. Au nilipandishwa.

"Lala, usijitikise. Chombo hichi kidogo."

Nikakumbuka adabu. Sijui kama shikamoo hutolewa mtu akiwa chali, ila mimi niliitoa, na wakaniitikia marahaba wote wawili. Yule wa pili akamgeukia mke wangu:

"Mumeo mtu wa wapi?"

"Wa Dodoma, mama."

"Lo, masikini! Basi mwache. Kwao hata mvua wanaisikia tu."

Mpaka hapo na mimi nilikuwa tayari kucheka. Kicheko kiliniisha ufukweni. Askari wa hoteli alinyoosha mkono: namtafuta nani? Nikamwambia nimelala hapa. Bangili iko wapi? Mmeikata wenyewe. "Wauzaji hawapandi huku, kaka." Wakati tunabishana wazungu wawili wakapita katikati yetu, hawana bangili wala salamu, akawapisha kwa tabasamu. Kina mama wao hawakujisumbua hata kusogea. Walisimama mbali kidogo na vitanda vya kuotea jua, wakashusha viroba, wakauzunguka ukuta mzima wa hoteli kufuata njia ya kijijini, viroba vikiwachuruzikia mgongoni. Mwani unalimwa pwani hii tangu 1989, na hoteli nyingi zimewakuta. Aliyeniokoa anazunguka ukuta, na aliyeniambia hakuna matata yuko ndani kwenye kiyoyozi.

Nilipoingia hatimaye, nikatozwa dola kumi za kuoga kwa kuwa chumba nimeshakirudisha. Wakati nalipa ndipo nikaiona. Imebandikwa kaunta, nyuma ya kopo la kalamu: jedwali la maji kupwa na kujaa, kila siku na saa zake, kwa Kiingereza na Kiitaliano.

Taksi ya kutupeleka bandarini ilipasuka gurudumu njiani, Jozani. Boti tuliikosa. Ya kesho yake ilitutapisha, na karafuu nilizomnunulia mama zilimwagikia suti ya harusi.

Bwana meneja, kama haya yanakufikia: jedwali lile lina mistari saba, mmoja kwa kila siku ya wiki. Nitakutafsiria kwa Kiswahili bure. Dola zangu kumi nitazifuata mwenyewe, safari hii kwa mlango wa barabarani.